Jua la Jioni na Sura ya Mtu: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Barua za mwezi huu, kuanzia Ujiji hadi Tabora mjini, karibu zote zinauliza namna ya kupiga picha za watu nje, jioni, kwa mwanga wa jua lenyewe. Tumechagua chache, na zile zilizofanana tumeziunganisha. Mwenye safu hii anafanya kazi ya picha za mnato mjini Kigoma, kwa hiyo mifano mingi inatoka kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Assalaam aleikum. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Ujiji. Maharusi wote wanataka picha ya ufukweni huku jua likizama nyuma yao. Nikipiga, ziwa na mawingu yanatoka vizuri lakini nyuso zinakuwa nyeusi tii. Nikiongeza mwanga, nyuso zinaonekana lakini anga lote linaungua na kuwa jeupe. Natumia kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 50. Je, tatizo ni kamera au ni mimi?
*Mpiga picha, Ujiji*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kamera yako haina kosa, bali inafanya kile ilichoundwa kufanya. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake hakijui kwamba kinamtazama bibi harusi. Kinachukua mwanga wote unaoingia kwenye fremu, kinatafuta wastani wake, kisha kinapanga picha ili wastani huo uwe kijivu cha katikati. Unapowaweka maharusi mbele ya maji yanayometameta, sehemu kubwa ya fremu inakuwa ile yenye mwanga mkali, na kamera inapunguza mwanga ili kuituliza. Anayeumia ni mwenye uso, hasa mwenye ngozi nyeusi, kwa sababu ngozi hiyo hurudisha mwanga kidogo kuliko kijivu ambacho kamera inakitafuta.

Kwa hiyo amua kabla ya kubonyeza: unataka uso, au unataka anga? Maadamu jua bado linaonekana, huwezi kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu, isipokuwa uongeze mwanga mwingine mbele ya maharusi. Kama unataka anga, basi lichukue anga kwa makusudi: wasimamishe wakiwa wametenganishwa kidogo ili kila mmoja aonekane umbo lake, wageuke upande ili pua na midomo ichorwe vizuri na mwanga, na uache nyuso ziwe giza. Picha moja ya namna hiyo katika albamu inatosha. Zikiwa kumi, bibi ya bwana harusi atauliza waliooana ni akina nani.

Kama unataka uso, na mara nyingi ndicho anacholipia mteja, weka kipimo cha kamera kwenye nukta ya katikati, upime shavu la bibi harusi lililo upande wako, kisha ufunge kipimo hicho au uhamie kwenye mpangilio wa mkono. Kama hujazoea mpangilio wa mkono, tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja hadi mbili juu ya kile kamera inachotaka (hatua hapa ni kipimo cha mwanga: kila moja huuongeza maradufu). Robo saa hivi kabla ya jua kuzama, unaweza kuanzia tundu la f/2.8 (upana wa mlango wa lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi), kasi ya 1/250 ya sekunde na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 200 au 400, halafu urekebishe kwa kutazama kioo cha nyuma. Anga litapauka, lakini kupauka huko si lazima kuharibu picha, kwa sababu unaweza kuchagua kitu kitakachokuwa nyuma ya vichwa vyao. Usiweke jua katikati yao; sogea hatua chache upande wa kaskazini au kusini ili jua libaki nje ya fremu, nyuma ya bega la mmoja wao, na nywele au shela ipate ukingo wa mwanga. Ukipanda kwenye jiwe au ngazi na kupiga ukiwa juu kidogo, vichwa vitaangukia kwenye maji na si kwenye anga, na maji yaliyo mbali na mstari wa jua huwa na giza la kutosha kuzibeba nyuso.

Gauni jeupe nalo lina fitina yake. Uso ukiwa sawasawa, ukingo wa gauni unaopigwa na jua kwa nyuma unaweza kuungua kabisa hadi darizi zisionekane. Washa onyo linalomemeta kwenye kioo cha kamera pale palipoungua, na likimemeta kifuani pa gauni, punguza theluthi moja ya hatua kwa wakati mmoja mpaka darizi zirudi. Likimemeta kwenye ukingo mwembamba wa shela tu, liache.

Njia ya tatu ni kuurudisha mwanga. Ubao mweupe wa boksi la jokofu au televisheni, ule mwepesi unaomeguka chembechembe, unafanya kazi nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Msaidizi asimame mbele ya maharusi, nje ya fremu, aushike usawa wa kifua ukielekea jua, kisha auinamishe taratibu huku wewe ukitazama macho ya bibi harusi. Mboni zitakapopata nukta ya mwanga, mwambie asitikisike. Shuka jeupe lililonyooshwa na watu wawili linafaa pia pasipo na upepo, ingawa Ujiji jioni upepo huwa na maoni yake. Flashi ni msaada wa mwisho: ipunguze hatua moja au mbili chini ya kiwango inachojipangia, usivuke kasi ya 1/200 kwa kamera nyingi za kawaida, na uifunike kwa kipande cha plastiki angavu ya rangi ya chungwa, la sivyo maharusi watakuwa na uso wa mchana mbele ya ziwa la magharibi.

Nimeacha kwa makusudi njia ninayoipenda kuliko zote. Wageuze maharusi walitazame ziwa, na wewe ulipe ziwa mgongo. Jua la mwisho litawapiga usoni likiwa limelainika, na nyuma yao zitakuja boti za mbao zinazochongwa ufukweni, minazi na michikichi, na vilima vya mji vikiwa vimepata rangi ya shaba. Kwa maoni yangu, picha nzuri kuliko zote za jioni ya Ujiji ni zile ambazo ziwa lenyewe halionekani. Mpigie mteja ile anayoiomba, kisha umpigie na hii, umwache achague mwenyewe ipi iwekwe kwenye fremu ya sebuleni.

Jambo moja la tahadhari: ukiwa na kamera ya kuchungulia kwa jicho kupitia lenzi, hasa lenzi ndefu, usilitazame jua moja kwa moja hata kama linaonekana limepoa. Panga fremu kwa kioo cha nyuma.

Shikamoo mwandishi. Nimehamia Kigoma kikazi kutoka Dar es Salaam, na ninamwoza mdogo wangu hivi karibuni. Kamati ya harusi imepanga picha za nje saa kumi na nusu jioni, kabla ya kuelekea ukumbini. Mpiga picha anasema ni mapema mno. Wanakamati wanasema anataka kutuchelewesha. Nani yuko sahihi?
*Mjumbe wa kamati, Mwanga*

Marahaba. Mpiga picha wenu yuko sahihi, na ushahidi wake uko kwenye ramani. Nchi nzima inatumia saa ile ile, ambayo imepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Kigoma iko karibu na nyuzi 29.6. Dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika nne, kwa hiyo jua la Kigoma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa zaidi ya dakika 60: linafika utosini kwenye saa saba mchana badala ya saa sita, na linazama takribani dakika 38 baada ya kuzama Dar es Salaam. Mwishoni mwa Oktoba linazama yapata saa 12:53 jioni, na katikati ya Februari linachelewa hadi saa 1:24 usiku. Wanakamati waliozoea jioni ya Dar wanapoiona saa kumi na nusu wanaiita jioni, lakini hapa kwetu jua hilo bado liko karibu nyuzi 35 juu, bado linachimba vivuli chini ya nyusi na pua, na bibi harusi aliyepambwa kwa saa nzima atatoka amekunja uso.

Hata hivyo, mpiga picha naye asijidanganye kwamba ana muda mrefu. Vitabu na video nyingi zinazosifu saa ya dhahabu, yaani ule muda wa mwanga laini kabla ya jua kuzama, zimetoka nchi za mbali na ikweta, ambako jua hushuka kwa mshazari. Hapa, kwenye nyuzi tano kusini ya ikweta, linashuka karibu wima: nyuzi 10 za mwisho zinamalizika kwa dakika 40 hadi 45 tu, ilhali London mwezi wa Juni jua hutumia karibu maradufu ya muda huo kushuka kiasi hicho hicho. Tena kwetu jua haliusubiri upeo wa macho. Milima ya upande wa Kongo inalipokea dakika chache kabla. Baada ya hapo kuna utusitusi unaofaa kwa picha kwa dakika 20 na kitu, kisha giza.

Ushauri wangu kwa kamati ni huu. Chukueni saa ya kuzama kwa jua siku hiyo, mrudi nyuma dakika 75, na hapo ndipo maharusi wawe wameshafika mahali pa picha, si kwamba ndiyo wanaondoka saluni. Mtu akiwa hana programu ya kumwonyesha saa hizo, atazame kivuli chake kwenye ardhi tambarare: kikiwa mara tatu ya urefu wake, zimebaki dakika 75 hadi 85, kikiwa mara sita, zimebaki 40 hadi 45. Picha za makundi ya ndugu zitangulie, zikipigwa upande wa kivuli wa jengo au wa mti mkubwa, ambako hata jua likiwa kali nyuso zinabaki tulivu. Ndugu wa pande zote mbili wakimalizika, maharusi wabaki peke yao na dakika 30 za mwisho. Halafu chagueni sehemu moja tu. Nimeona misafara ikitoka ufukweni kwenda stesheni, kutoka stesheni kwenda hotelini, na jua likazamia barabarani. Kama mnaitaka stesheni ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, ombeni ruhusa kwa wahusika mapema, vivyo hivyo bandarini. Si maeneo ya kuingia na kamera bila kusema.

Jambo dogo kwa atakayekwenda kukagua mahali kabla ya siku yenyewe: jua halizami pale pale mwaka mzima. Mwezi wa Juni linazama nyuzi 23 hivi kaskazini ya magharibi, na Desemba kiasi hicho hicho kusini, hivyo ghuba inayolipokea jua juu ya maji katika msimu mmoja huenda ikalificha nyuma ya kilima katika msimu mwingine. Kagueni wiki ile ile ya harusi.

Huku Tabora hatuna ziwa, tuna miembe. Napenda kuwapiga watoto wangu picha chini ya miembe jioni, lakini nyuso zao zinajaa madoadoa ya jua na kivuli. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Tabora mjini*

Dada yangu, miembe ni studio ambayo hailipiwi kodi, ila unasimama katika chumba kisicho chake. Katikati ya mti, jua linapenya kwenye matundu ya majani na kumwaga madoa. Ukienda ukingoni, pale kivuli kinapokutana na mwanga, madoa yanaisha. Wasimamishe watoto hatua moja ndani ya kivuli, wakitazama nje kwenye uwazi wa anga, na wewe usimame kwenye mwanga. Nyuso zao zitaangazwa na anga pana lililo mbele yao, na shina la mti litawapa giza la kuwatenga kwa nyuma.

Jioni ikisonga, mambo yanageuka kwa faida yako. Jua likishuka chini ya usawa wa matawi, linaingia kwa ubavu chini ya mti wote, na miembe ikiwa imepandwa kwa mstari mwanga unapita katikati ya mashina. Hapo waweke watoto jua likiwa nyuma yao, na upime nyuso kama tulivyomwambia ndugu yetu wa Ujiji. Kumbuka kwamba Tabora jua linazama dakika 13 hivi kabla ya Kigoma.

Angalia pia ardhi. Mtoto akikaa kwenye nyasi mbichi, rangi ya kijani inamrudia chini ya kidevu, na akikaa kwenye udongo mwekundu anapata wekundu. Wekundu unasameheka jioni, hata unapendeza. Ukijani humfanya aonekane mgonjwa. Mkeka au shuka la rangi hafifu chini yake litamaliza jambo hilo. Kwa watoto wanaokimbia, kasi isiwe chini ya 1/500.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne na tunakaribia mahafali. Sina kamera, nina simu tu. Je, simu inaweza kutoa picha nzuri jioni, au nijichange nimlipe mpiga picha?
*Mwanafunzi, Gungu*

Marahaba, mwanangu. Simu inatosha. Anza kwa kufuta kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa maana mafuta ya vidole yakikutana na jua la mbele yanatandaza ukungu mweupe kwenye picha nzima, na wengi wanaulaumu ubora wa simu. Kisha gusa uso wa mwenzako kwenye kioo, ushikilie kidole mpaka simu ionyeshe kwamba imefunga fokasi na mwanga, halafu telezesha kidole juu au chini kurekebisha mwangaza. Simu nyingi za sasa huunganisha picha kadhaa kwa mpigo mmoja ili kuokoa anga na uso pamoja, na kwa kazi hiyo zinaweza kuishinda kamera kubwa ya kizamani. Mwenzako atulie tu mpaka simu imalize.

Usimsogelee mno. Kamera pana ya simu ikiwa karibu hukuza pua na kupunguza masikio, hivyo rudi nyuma hatua tatu au nne na utumie lenzi ya mara mbili kama ipo. Ile hali ya kutia ukungu mandhari ya nyuma itumie kwa uangalifu: hukata nywele zilizosukwa na pembe za kofia ya mahafali vibaya, na kosa hilo linaonekana zaidi picha ikichapishwa. Mpe mwenzako simu akupige kwa kamera ya nyuma. Ile ya mbele kwa kawaida ni dhaifu jua likishashuka.

Studio niliyompeleka dada yangu apigwe picha zake za send-off ilimrudishia sura nyeupe ambayo si yake. Wanasema wateja wanapenda hivyo. Je, ni kweli kwamba ngozi nyeusi haipigiki vizuri jioni?
*Msomaji, Kasulu*

Si kweli. Ngozi nyeusi na jua la jioni ni marafiki wa zamani. Anayewagombanisha ni mhariri wa picha. Historia ina sehemu yake katika jambo hili. Katika zama za filamu, maabara nyingi za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi sahihi. Kamera za leo hazina kisingizio hicho, lakini programu nyingi za kupamba uso zimerithi fikra ile ile, kwamba kuboresha ni kuongeza weupe.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Mtazame mtu aliyesimama akilikabili ziwa dakika 20 kabla ya jua kuzama: utaona mstari wa mwanga kwenye kipaji cha uso, mwingine juu ya mfupa wa shavu, mwingine kwenye mgongo wa pua, na kati yao ngozi inabaki na kina chake. Mpiga picha anachotakiwa kufanya ni kuilinda mistari hiyo isiungue na kuacha sehemu nyingine ziwe na rangi yake. Mwambie anayepigwa ageuze kichwa kidogo kidogo mpaka mstari wa shavu utokee, kisha asimame hapo. Jasho likizidi, ligusegusewe kwa kitambaa bila kusugua. Poda ipakwe ya rangi ya ngozi yenyewe. Poda nyeupe kupita ngozi hutoa rangi ya majivu, na flashi ndiyo inayoifichua.

Kuhusu rangi, usiiachie kamera ijiamulie kila kitu. Ikiwa kwenye mpangilio wa kujichagulia, mara nyingi inajitahidi kuufuta ule manjano wa jioni ulioufuata, kwa kuwa inaudhani kuwa ni kasoro. Weka alama ya jua, na rangi itabaki kama macho yalivyoiona. Ubao wa dhahabu wa kurudisha mwanga siupendekezi saa hizo. Jua lenyewe limeshatia dhahabu ya kutosha, na ukiongeza nyingine mtu anageuka kuwa na homa ya manjano.

Dada yako ana haki ya kurudi studio na kudai faili la awali. Anayechapisha picha akiona mteja amesimama mbele yake, na akilinganisha sura hiyo na karatasi aliyoishika, atakosa la kusema.

Nimevaa miwani tangu utotoni na kila picha ya jioni macho yangu hayaonekani. Pia nikilitazama jua nakunja uso.
*Mwalimu, Mwandiga*

Mwalimu, inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname mbele. Mng'ao utaelekea chini badala ya kwenda kwenye lenzi. Kukunja uso kuna tiba rahisi: fumba macho, mpiga picha ahesabu hadi tatu, uyafungue naye abonyeze papo hapo. Ikiwa hata hivyo jua ni kali, basi bado ni mapema.

Kiangazi hapa Kigoma anga linajaa moshi na vumbi hadi milima ya Kongo haionekani. Je, nisubiri masika?
*Msomaji, Katonga*

Usisubiri. Moto wa nyika na vumbi la kuanzia Juni hadi Septemba huchuja jua mpaka likawa duara jekundu lenye mwanga laini, na kwa picha za watu, ambako mandhari ya mbali si muhimu, hali hiyo ni neema. Hasara yake ni kwamba jua hufifia kabla ya kufika kwenye maji, kwa hiyo anza robo saa mapema zaidi. Baada ya mvua hewa huwa safi na milima huonekana, lakini jua nalo hupiga kwa ukali zaidi na wingu la magharibi linaweza kulifunika bila taarifa. Likifunikwa, usifunge mkoba wa kamera mara moja. Mara nyingi hutokea mwanya kati ya wingu na mlima, na jua likaupitia kwa dakika mbili tatu.

Baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Nataka kumpiga picha Kibirizi anapojiandaa kuingia ziwani, lakini wanapoondoka jua limekwishazama. Nina kamera na lenzi ya f/1.8. Sitaki kutumia flashi.
*Binti wa mvuvi, Kibirizi*

Hongera kwa kuchagua saa hiyo, binti yangu, maana wengi hufunga kamera jua likizama ilhali wewe ndipo unapoanza. Baada ya jua kuingia nyuma ya milima, upande wote wa magharibi unageuka kuwa taa moja pana na laini isiyo na kivuli kikali. Msimamishe mzee akiutazama upande huo, akiwa anafanya kazi yake halisi, kwa mfano kukagua wavu au kufunga taa kwenye boti, na usimwambie atabasamu. Fungua tundu hadi f/1.8 au f/2, kasi ya 1/125, na ISO 800 mwanzoni, ukiipandisha hadi 1600 na zaidi kadiri giza linavyoingia. Chembechembe za ISO kubwa si aibu. Picha iliyotikisika haiponi. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe, kwani kwa f/1.8 ukikosea sentimita chache utapata sikio safi na macho yenye ukungu.

Ukifika mwisho wa utusitusi, taa zao za kuvulia zitawashwa, na hapo una vyanzo viwili vya mwanga. Tatizo la taa ya boti ni kwamba inakaa chini, na mwanga unaompiga mtu kutoka chini humpa sura ya kutisha. Mwombe mmoja wa wenzake aiinue taa hiyo hadi usawa wa bega la mzee, upande mmoja, hatua mbili hivi kutoka kwake. Uso utapata umbo, na anga litabaki na ubuluu nyuma yake. Weka rangi ya kamera kwa kufuata taa, si kwa kufuata anga. Maliza kazi yako boti ikiwa bado imeegemea mchangani, kwa sababu ikishaanza kuyumba majini na injini ikawashwa, kasi ya 1/125 haitatosha tena.